BCL2 chanya: protini inayozuia seli zisife, na kwa nini hiyo siyo habari njema kila mahali

Swali lililoletwa ni hili: "Shikamoo dokta. Shangazi yangu alitolewa tezi ya shingoni ikaenda kupimwa, majibu yamerudi ni limfoma ya folikula, na ndani ya ripoti kuna mstari umeandikwa BCL2 chanya kwenye folikuli. Nimetafuta nikakuta BCL2 ni jeni ambayo protini yake inazuia seli zisife. Hapo ndo nimechanganyikiwa, kama inazuia seli zisife si ilitakiwa iwe kitu kizuri? Na kama ni mbaya mbona tunaambiwa kila mtu anayo, kwa nini isitolewe au izimwe tu? Afu sisi wa damu yake tuna hiyo shida pia?"

Marahaba mwanangu, na pole sana kwa shangazi, limfoma ni kansa ya seli za kinga na najua hizi ripoti zinavyokaa kichwani mtu akizisoma peke yake usiku. Kabla ya yote naomba tuondoe kitu kimoja, neno "chanya" kwenye huo mstari halina maana kwamba shangazi kakutwa na jeni ya kansa ambayo wenzake hawana. BCL2 unayo wewe, ninayo mimi, ipo kwenye kromosomu ya 18 ya kila mtu, na hata sasa hivi unavyosoma hapa kuna seli zako nyingi tu ziko hai kwa sababu protini hiyo imezishikilia. Aliyesoma kioo chenye kipande cha tezi ya shangazi kwenye darubini hakushtuka kwa sababu kaiona BCL2, kashtuka kwa sababu kaiona mahali ambapo kwa kawaida inakuwa imezimwa. Tofauti ya hayo mawili ndo jibu lako lote, ila ili ulielewe inabidi nikupitishe kwanza kwenye kifo cha seli chenyewe, vumilia kidogo.

Watu wengi tunafikiri seli kufa ni ajali, imeungua, imekosa hewa, imeshambuliwa na vijidudu. Hiyo ipo, na ni kifo kichafu, seli inavimba inapasuka inamwaga vilivyomo na sehemu ile inawaka moto wa uvimbe. Lakini kuna kifo kingine ambacho seli inakifanya yenyewe kwa utaratibu, inasinyaa, inakata DNA yake vipande vipande, inajigawa kuwa vifurushi vidogo vilivyofungwa vizuri, halafu inatoa alama kwenye ngozi yake ya nje, kuna mafuta fulani ambayo kawaida hukaa upande wa ndani wa utando yanageuzwa yanaangalia nje, na seli za usafi zikiona hiyo alama zinakuja kuimeza kimyakimya, hakuna uvimbe hakuna kidonda. Mwaka 1972 John Kerr, Andrew Wyllie na Alastair Currie walikipa jina, apoptosisi, neno la Kigiriki la majani yanayodondoka mtini. Mimi nalipenda hilo jina kwa sababu jani halidondoki kwa bahati mbaya, mti wenyewe ndo unalikata.

Na hiki kifo kinatokea sana. Kwenye mwili wa mtu mzima mwenye afya zinakufa hivi seli makumi ya mabilioni kila siku, za damu, za utumbo, za kinga, na nyingine zinazaliwa kujaza nafasi. Vidole vyako viliachana tumboni mwa mama kwa sababu seli zilizokuwa katikati yake zilikufa kwa ratiba. Kuna mnyoo mdogo sana ambao wanasayansi wamehesabu seli zake moja moja, katika kukua kwake anatengeneza seli za mwili 1,090 na kati ya hizo 131 zinakufa, zilezile, wakati uleule, kwa kila mnyoo. Kwa kufuatilia hizo 131 ndo zikapatikana jeni zinazoendesha kifo, kazi iliyowapa Sydney Brenner, Robert Horvitz na John Sulston tuzo ya Nobel mwaka 2002. Na cha ajabu jeni moja ya yule mnyoo inayozuia kifo, inaitwa ced-9, ni ndugu wa BCL2 yetu kabisa, mwaka 1992 watu waliichukua BCL2 ya binadamu wakaiweka ndani ya mnyoo na baadhi ya seli zilizokuwa zife hazikufa. Yaani huu mfumo ni wa zamani mno, umepita kwa viumbe na viumbe bila kutupwa.

Sasa tuingie ndani ya seli. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako, na kwenye seli hilo ni kweli neno kwa neno. Kila seli yako inatembea na wauaji wake ndani, siku zote, haiwasubiri kutoka nje. Wauaji wenyewe ni vimeng'enya vinavyoitwa kaspesi, kazi yao ni kukata protini nyingine, na vinakaa vimelala. Vikiamshwa vinakata mamia ya protini kwa mpigo, mihimili ya seli inaanguka, kimeng'enya cha kukatakata DNA kinafunguliwa, na hapo kurudi nyuma ni vigumu sana. Kwa hiyo swali zima la uhai wa seli linakuwa nani anaziamsha kaspesi.

Kwa njia ambayo BCL2 inahusika, jibu lipo kwenye mitokondria. Shuleni tulifundishwa hapo ndo seli inapotengenezea nguvu, ni kweli, ila mle ndani kuna protini ndogo inaitwa sitokromu c ambayo ina maisha mawili. Ikiwa ndani ya mitokondria inasafirisha elektroni, ni mfanyakazi mwaminifu, bila yeye hupumui. Ikitoka nje tu kwenye uji wa seli, inakuwa mjumbe wa kifo. Hili liligunduliwa na maabara ya Xiaodong Wang mwaka 1996 na nakumbuka watu wengi walishindwa kuamini kwamba protini ya kupumulia ndo hiyohiyo ya kufia. Ikitoka inakutana na protini inayoitwa APAF1, zinakusanyika APAF1 saba zinajipanga duara kama gurudumu, lile gurudumu linaita kaspesi ya 9, ya 9 inaamsha ya 3 na ya 7, na kazi imeisha.

Kwa hiyo picha uliyonayo iwe ya mtungi. Mitokondria ni mtungi, sitokromu c imo ndani, mtungi ukiwa mzima seli inaishi, mtungi ukitobolewa seli inakufa. Wapo watoboaji wawili wakuu, BAX na BAK. BAX kawaida anaelea kwenye uji wa seli na BAK anakaa palepale kwenye ukuta wa nje wa mtungi. Wakiwa wametulia hawana madhara, ila wakiamshwa wanabadilika umbo, wanajikita ukutani, wanaungana wengi wengi na wanafungua matundu.

Na hapo ndo anapokaa BCL2. Ni protini siyo kubwa, asidi amino 239 tu, ina mkia ambao umezama kwenye ukuta wa nje wa mitokondria (na pia kwenye utando wa ndani ya seli panapohifadhiwa kalisi, na kuzunguka kiini) na mwili wake umetokeza nje. Kwenye huo mwili kuna kijibonde kirefu. Sasa BAX na BAK nao wana kipande kifupi kilichojisokota, kinaitwa BH3, ambacho kinaingia kwenye hicho kijibonde kama mguu kwenye kiatu chake. Mtoboaji akiamka tu akatokeza hiyo BH3 yake, BCL2 inamdaka, inamshikilia, hawezi kuungana na wenzake, tundu halifunguki. Ndo hivyo tu, BCL2 inaokoa seli kwa kushika. Nasisitiza hapa kwa sababu nimeona sana watu wanaandika kwamba BCL2 inairudishia seli nguvu au inakarabati seli iliyoharibika, hapana, haikarabati chochote. Seli iliyoharibika ikiwa na BCL2 nyingi inabaki na uharibifu wake vilevile, kilichobadilika ni kwamba haifi. Lishike hilo manake ndo linaanza kukuonesha kwa nini "kuzuia seli zisife" siyo lazima kiwe kitu kizuri.

Upande wa pili kuna wajumbe, protini ndogondogo ambazo zenyewe zina kile kipande cha BH3 tu. BIM, BID, PUMA, NOXA, BAD na wengine. Kila mmoja ana habari zake anazosikiliza. DNA ikiharibika vibaya, protini ya p53 inawasha PUMA na NOXA. Seli ikinyimwa zile homoni za kuiambia "endelea kuishi", BIM inaongezeka. Na hawa wajumbe wakija wanafanya mambo mawili, wanaingia kwenye kijibonde cha BCL2 wakakijaza, kwa hiyo aliyekuwa kashikwa anaachiwa au anayekuja hana pa kushikwa, na baadhi yao kama BIM na BID wanaenda pia kumwamsha BAX moja kwa moja. Kwa hiyo usifikirie swichi ya kuwasha na kuzima, fikiria hesabu. Kwenye seli hii leo kuna BCL2 ngapi za kushika, kuna wajumbe wangapi wa kifo, watoboaji wangapi, na jumla ikivuka kiwango seli inakwenda. Seli mbili jirani zinaweza kupata pigo lilelile moja ikafa na nyingine ikabaki kwa sababu ya hiyo hesabu.

Haya sasa turudi kwenye tezi ya shangazi, na hapa nataka nikae kidogo.

Tezi limfu zipo kwa ajili ya kinga, na ndani yake kuna sehemu za mviringo zinaitwa folikuli. Ukipata maambukizi, katikati ya folikuli kunafunguka kama chuo cha mafunzo. Seli B, yaani zile seli za kinga zinazotengeneza kingamwili, zinaingia pale, zinagawanyika haraka ajabu, na kwa makusudi kabisa zinabadilisha herufi kwenye jeni zao za kingamwili ili zitafute inayoshika kijidudu vizuri zaidi. Sasa kubadilisha herufi ovyoovyo ni kamari, wengi wanatoka na kingamwili mbovu, wengine wanatoka na kingamwili ambayo ingeshambulia mwili wenyewe, wachache wanatoka wazuri. Wale wabovu inabidi wafe. Na mwili unahakikishaje wanakufa? Seli B zikiingia mle zinazima BCL2. Yaani zinaingia chuoni zikiwa hazina mshikaji, kifo ndo hali ya kawaida pale ndani, na anayeshika kijidudu vizuri tu ndo anapewa ishara ya kuishi. Wakitoka nje wakiwa wamefaulu wanawasha tena BCL2 zao. Mimi kila nikiliona hili chini ya darubini bado linanigusa, kwamba kinga yako imara inategemea maelfu ya seli kukubali kufa kila saa.

Kwa hiyo mwanapatholojia, yaani daktari anayesoma vipande vya mwili kwenye darubini, akichukua tezi iliyovimba kwa maambukizi ya kawaida na kuipaka ile rangi inayotafuta protini ya BCL2, anaona kitu kizuri sana, pembezoni mwa folikuli kumejaa rangi ya kahawia, seli T (aina nyingine ya seli za kinga) zilizozagaa zina rangi, ila katikati pamebaki peupe kama tundu. Hiyo ni tezi inayofanya kazi yake. Kwenye limfoma ya folikula mara nyingi lile tundu halipo, katikati pamewaka kahawia. Seli ambazo zilitakiwa zizime BCL2 zimeingia nayo ikiwa imewashwa, na hivyo hata zilizofeli hazifi. Ndo maana ripoti haikuandika "BCL2 chanya" ikaishia hapo, imeandika "kwenye folikuli", na kama ingekuwa chanya kwenye seli za pembeni tu isingekuwa na maana yoyote ya kutisha. Hayo maneno mawili ya mwisho ndo yenye uzito, na lazima pia yasomwe pamoja na umbo la seli na vipimo vingine, rangi moja peke yake haitoi jibu.

Kwa nini zimeshindwa kuizima? Hapa historia inasaidia. Miaka ya 1984 na 1985 Yoshihide Tsujimoto na Carlo Croce walikuwa wanafuatilia kitu kilichokuwa kinaonekana tena na tena kwenye limfoma hizi, kipande cha kromosomu ya 14 na kipande cha kromosomu ya 18 vimebadilishana nafasi. Walipochimba pale palipoungana wakakuta jeni mpya, wakaiita BCL2, jina lenyewe linatokana na limfoma ya seli B, namba mbili. Na kwenye kromosomu ya 14 pale ilipoangukia kuna jeni za kingamwili, ambazo ndani ya seli B zinafanya kazi usiku na mchana kwa sababu seli B ni kiwanda cha kingamwili. Sasa BCL2 ikihamishiwa jirani na mashine ya namna hiyo inawashwa nayo, haina tena wa kuizima. Angalia kwamba protini inayotoka kwa kawaida ni ileile ya kila mtu, kosa lipo kwenye kuhamishwa tu, inatengenezwa nyingi na inatengenezwa wakati ambao haitakiwi.

Wakati ule jeni zote za kansa zilizokuwa zinajulikana zilikuwa zinasukuma seli zigawanyike, kwa hiyo watu wakategemea hii nayo itakuwa hivyohivyo. Mwaka 1988 kule Melbourne David Vaux, Suzanne Cory na Jerry Adams wakaiweka BCL2 kwenye seli za damu ambazo haziwezi kuishi bila homoni fulani ya ukuaji, afu wakaiondoa ile homoni. Seli za kawaida zikafa. Zenye BCL2 hazikugawanyika, zilikaa tu, ila hazikufa, na homoni ikirudishwa zinaendelea na maisha. Kwa mara ya kwanza ikaonekana kwamba kansa inaweza kuanzia kwa seli kukataa kufa, hata kama haijajifunza kugawanyika ovyo. Kwangu mimi huu ni kati ya ugunduzi mkubwa kabisa wa fani hii na nashangaa hautajwi sana.

Na inaeleza pia kitu ambacho pengine umeshaambiwa, kwamba limfoma ya folikula mara nyingi inakwenda polepole, miaka, tezi inavimba inanywea kidogo inavimba tena. Seli hazikimbilii kugawanyika, zinarundikana kwa kutokufa. Lakini seli isiyokufa ina muda, na muda huo ndo unaruhusu makosa mengine ya jeni yaongezeke juu yake. Ikipata kosa la pili la kuisukuma igawanyike, mfano jeni ya MYC nayo ikiharibika, hapo ugonjwa unabadilika tabia unakuwa mkali, manake kawaida MYC ikizidi seli inauawa na huu mfumo wetu wa mtungi, ila BCL2 imeshafunga njia. Tena jambo la kukutuliza kidogo, ukipima damu za watu wazima wenye afya zao kwa vipimo vikali, kwa wengi utakuta seli chache zenye hayo mabadilishano ya 14 na 18, na wengi wao hawaji kuugua kamwe. Yaani kosa hili peke yake halitoshi, linahitaji wenzake.

Sasa swali lako la kuitoa au kuizima. Hili limejaribiwa kwa panya. Mwaka 1993 maabara ya Stanley Korsmeyer ilitengeneza panya wasio na BCL2 kabisa. Walizaliwa wakiwa wazima, ila wakawa wadogo, figo zao zikajaa mifuko ya maji zikafeli, seli zao za kinga zikaanza vizuri afu zikafa kwa wingi, na manyoya yao yakageuka mvi wakiwa bado wachanga kwa sababu seli za kutengeneza rangi ya nywele zilikufa. Hizo mvi nazitaja makusudi kwa sababu zinakuonesha kwamba BCL2 haikuwekwa mwilini kwa ajili ya kansa, kuna sehemu ina kazi yake na hakuna mwingine wa kuifanya. Sehemu nyingine ina ndugu zake wanaoshika watoboaji kwa namna ileile, BCL-XL anazilinda chembe sahani za damu (zile za kugandisha damu), MCL1 anahitajika kwenye moyo na seli nyingi za damu, kwa hiyo ukoo mzima umegawana mwili. Kuitoa jeni kwenye kila seli ya mtu mzima hatuna uwezo huo, na hata tungekuwa nao ungekuwa ujinga.

Lakini kuizima kwa dawa, kwa kiasi na kwa muda, hilo lipo. Unakumbuka kile kijibonde? Mwaka 1996 umbo la BCL-XL, ndugu wa BCL2, likapatikana na kijibonde kikaonekana wazi, na watu wakajiuliza, kwa nini tusitengeneze molekuli ndogo inayojifanya BH3, ikaingia mle, ikakijaza, ili mtoboaji aliyekuwa kashikwa aachiwe? Ilichukua miaka mingi manake kijibonde ni kirefu, kina mafuta, siyo shimo dogo ambalo dawa za kawaida hupenda kukaa. Moja ya zilizotangulia kufika kwa wagonjwa, navitoklaksi, ilikuwa inaziba BCL2 na BCL-XL kwa pamoja, na kwa sababu BCL-XL ndo inazishikilia chembe sahani, chembe sahani za wagonjwa zikawa zinashuka. Wakarudi mezani, wakaichonga upya hadi ikawa inamchagua BCL2 peke yake, ndo venetoklaksi, iliyoidhinishwa Marekani Aprili 2016 kwa aina ya lukemia (kansa ya damu) ya seli B inayoenda polepole kwa wagonjwa waliokuwa wamepoteza kipande cha kromosomu ya 17, kipande ambacho ndicho kina jeni ya p53. Uone uzuri wake, wagonjwa hawa wamepoteza p53, dawa nyingi za kansa kwao hazifanyi kazi kwa sababu zinategemea p53 ipige kengele, hii inaruka kengele inakwenda kufungua mkono wa mshikaji moja kwa moja. Na ilikuwa kali kiasi kwamba mwanzoni seli zilikufa nyingi kwa wakati mmoja mpaka vilivyomwagika kwenye damu, potasiamu na vinginevyo, vikawa hatari kwa figo na moyo, ndo maana leo kwa lukemia hiyo inaanzwa miligramu 20 kwa siku na kupandishwa taratibu kwa wiki tano hadi 400.

Sasa nakuomba usikimbilie kuwaambia madaktari wampe shangazi hiyo. Ungedhani ugonjwa ambao ndo ulioitambulisha BCL2 duniani ndo ungenyooshwa na dawa hii kuliko yote, kumbe kwa limfoma ya folikula ikitumika peke yake matokeo yamekuwa ya wastani, chini ya ilivyo kwa ile lukemia. Sababu inarudi kwenye ile hesabu niliyokwambia, kuwa na BCL2 nyingi siyo sawa na kuitegemea hiyo tu, seli inaweza kuwa na MCL1 au BCL-XL pembeni, ukimfungua huyu mtoboaji anadakwa na ndugu yake. Hata kwenye lukemia inakofanya vizuri, baada ya miaka baadhi ya seli zinabadilisha herufi moja tu kwenye kijibonde, mahali pa asidi amino ya 101, dawa inashindwa kukaa vizuri lakini wajumbe bado wanaingia na seli inaendelea kuishi. Kwa limfoma ya folikula kuna dawa nyingine zilizothibitishwa, na kuna wagonjwa wasio na dalili na wenye ugonjwa mdogo ambao madaktari wanawafuatilia tu bila dawa kwa muda mrefu, na huko siyo kutelekezwa, ni tiba inayokubalika. Cha kumuuliza daktari wake ni daraja la ugonjwa ni lipi, umefika wapi mwilini, na kama wamepima kile kipimo cha kromosomu cha kuthibitisha mabadilishano ya 14 na 18, hayo matatu yatakwambia mengi kuliko mstari wa BCL2.

La mwisho ulilouliza, kama nanyi wa damu yake mnayo. Mabadilishano haya shangazi hakuzaliwa nayo. Yanatokea ndani ya seli B moja, kwenye uboho wa mfupa, wakati seli changa inakata na kuunganisha jeni zake za kingamwili kwa mara ya kwanza, ni ukataji wa kawaida unaofanyika kwa kila seli B ya kila mtu, na mara mojamoja kipande cha 18 kinaunganishwa pasipo pake. Seli ile na watoto wake ndo wanakuwa nayo, mayai na mbegu za uzazi hazina, kwa hiyo hakuna aliyeirithi kutoka kwake na wewe huna haja ya kwenda kupima BCL2. Kwenye takwimu za magonjwa ndugu wa karibu wa mgonjwa wa limfoma, yaani wazazi, watoto na ndugu wa tumbo moja, wana uwezekano mkubwa kidogo kuliko watu wengine, ila kwa mtu mmoja mmoja bado ni mdogo na hakuna kipimo cha kuufuatilia, ukiona tezi imevimba wiki kadhaa bila kupungua nenda kaonwe kama ambavyo ningemwambia mtu yeyote. Na ripoti ya kipimo cha kromosomu ikishatoka niletee, niambie kilichoandikwa neno kwa neno, nitakusomea.